Hundi Iliyorudi: Patana, Lakini Andika

Mwanafunzi wangu mpenzi,

Juma hili sitakufundisha ngeli wala nyakati za vitenzi. Nitakufundisha neno moja tu, nalo ni hundi, kwa sababu neno hilo limenisumbua kwa miezi kadhaa, na kwa sababu wapo watu wazima wanaolijua vizuri kimatamshi lakini hawajui la kufanya siku hundi inaporudishwa na benki.

Miongoni mwa wanafunzi wangu wa jioni yupo mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu Kusini, mwenye umri wa kunizaa. Anaishi Nakivale, na kazi yake ni kununua maharage na mahindi kwa wakulima wadogo wa Juru na Rubondo, kuyakusanya magunia kwa magunia, kisha kuyauza Mbarara. Hakuja darasani kujifunza kuzungumza Kiswahili, kwa kuwa amezaliwa nacho. Alikuja kujifunza kukiandika kwa namna inayokubalika ofisini. Jioni moja alichelewa, akaketi nyuma, na kipindi kilipokwisha akanifuata akiwa na bahasha mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, banki wameirudisha."

Ndani ya bahasha mlikuwamo hundi ya shilingi 4,800,000 za Uganda, na kikaratasi cha benki kilichosema kwamba fedha hazitoshi katika akaunti ya mwandikaji. Mnunuzi wake wa Mbarara alikwisha kuyapokea magunia, akayauza, akampa karatasi. Nyuma ya mama huyu walikuwapo wakulima wapatao kumi na wawili waliokuwa wakisubiri malipo yao, na binti mmoja aliyekuwa akisubiri ada ya shule. Hundi moja ilirudi, na watu wengi wakakaa mikono mitupu.

Ninaandika makala haya nikiwa na maoni mawili, nami nitayataja mapema ili usiyatafute. La kwanza: hundi ikirudi, njia ya kwanza na iwe mapatano nje ya mahakama. La pili: mapatano mabaya yanaweza kumwumiza mdai kuliko kesi yenyewe, na kwa hiyo anayepatana bila maandishi anajifunga kitanzi kwa mkono wake.

Kwanza neno lenyewe

Hundi ni neno lililovuka bahari. Wafanyabiashara wa Bara Hindi walikuwa na hati zao walizoziita kwa jina hilo tangu zamani sana, kabla ya benki za Kizungu kufika kwao. Mtu wa mji mmoja aliandika amri fupi kumtaka mshirika wake wa mji mwingine amlipe mchukuzi wa karatasi kiasi fulani cha fedha, na kwa hati hizo biashara ya Bahari ya Hindi ilienda bila watu kubeba mifuko ya fedha majahazini. Neno likatua pwani yetu, likapanda bara pamoja na maduka ya Wahindi, na leo Mnyankole wa Mbarara na Mkongomani wa Nakivale wanalitumia wakiwa katika Kiswahili bila kukumbuka lilikotoka.

Pamoja na neno zilikuja sheria. Rupia ya India ilitumika Uganda hadi mwaka 1920, na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika katika Afrika Mashariki ya wakoloni. Basi usishangae nikikupeleka India baadaye katika makala haya. Tutakuwa tunamtembelea jirani wa ng'ambo aliyetuachia msamiati wa biashara.

Sasa zingatia maneno mengine mawili yanayochanganywa. Mwamuzi husikiliza pande mbili, kisha hukata shauri, na neno lake hufuatwa. Mpatanishi husikiliza pande mbili, lakini hana amri. Kazi yake ni kuwasaidia wenyewe wafike mahali pa kukubaliana. Hakimu ni mwamuzi. Mzee wa jamii anayewaketisha watu chini ya mwembe ni mpatanishi. Ukimchukua mpatanishi kuwa mwamuzi, utatii jambo ambalo hukulazimika kulitii, na hilo limewapata wengi.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Watu wengi huamini kwamba hundi ikirudi tu, aliyeiandika ni mhalifu na pa kumpeleka ni polisi. Ukweli una pande zaidi ya moja. Kanuni ya Adhabu ya Uganda inalitaja kuwa kosa la jinai tendo la kuandika hundi kwa benki ambako mwandikaji hana akaunti, au kuiandika hali hana sababu ya msingi ya kuamini kwamba fedha zitakuwapo. Ni yeye mwenyewe anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu hiyo alikuwa nayo. Sheria inaliweka kosa hili katika daraja la makosa madogo, si la makosa makubwa ya jinai.

Yatazame vizuri maneno hayo: sababu ya msingi ya kuamini. Mnunuzi wa mama yule alikuwa na maelezo. Alisema kwamba naye aliwauzia maharage wateja wakubwa walioahidi kumlipa juma lile lile, nao hawakulipa. Kama ni kweli, huenda mahakama ingemwona kuwa mtu aliyekwama, si tapeli. Hapo kesi ya jinai ingeanguka, na deni lingebaki pale pale lilipokuwa. Kama ni uongo, angeweza kufungwa, lakini kufungwa kwake peke yake kusingewalipa wakulima wa Juru hata gunia moja. Hakimu anao uwezo wa kuamuru fidia, ila fidia inayodaiwa kwa mtu aliye gerezani, asiye na duka linalofunguliwa asubuhi, huja polepole.

Upande wa pili ni wa madai. Hundi ni ahadi ya fedha, na ahadi hiyo inaweza kudaiwa kama deni lolote. Katika mahakama za madai iko njia ya mkato kwa madai ya fedha taslimu zinazojulikana kiasi chake, hundi zikiwamo. Ziko pia Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011, zinazohusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambamo mdai na mdaiwa husimama wenyewe bila mawakili. Deni la mama yule lingeingia humo. Kwa madeni madogo zaidi, yasiyozidi shilingi milioni 2, zipo mahakama za mabaraza ya mitaa chini ya sheria ya mwaka 2006, kuanzia ngazi ya kijiji.

Usisahau kwamba mkimbizi ana haki ya kufika mahakamani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 umeitaja haki hiyo, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 vilevile. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Isingiro, si kisiwa nje ya sheria za nchi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya wengi wapatane vibaya. Mtu asiyejua kwamba anaweza kushtaki hawezi kupatana. Anaweza kuomba tu.

Katiba yenyewe inapenda suluhu

Wapo wanaodhani kwamba kupatana ni kukwepa sheria. Sivyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 126, inaziagiza mahakama kuhimiza mapatano kati ya wanaogombana, na kuhakikisha kwamba aliyedhulumiwa anapata fidia ya kutosha. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu hakimu, hata katika kesi ya jinai, kuhimiza suluhu pale ambapo kosa ni la asili ya kibinafsi na si kosa kubwa, kisha kusimamisha mashtaka kwa masharti ambayo mahakama imeyakubali. Na tangu Kanuni za Upatanishi za mwaka 2013, kesi za madai hupitishwa kwanza kwa mpatanishi kabla ya kusikilizwa.

Lakini shika tofauti moja muhimu. Kabla ya mashtaka kufunguliwa, deni ni lako, nawe waweza kupatana upendavyo. Baada ya mashtaka ya jinai kufunguliwa, kesi ni ya dola, na wewe ni shahidi. Mkipeana mikono nje ya mahakama bila kumjulisha hakimu na mwendesha mashtaka, kesi haifi kwa sababu mmepatana. Mshtakiwa anaweza kuendelea kuitwa, nawe ukaendelea kutakiwa ushahidi. Mapatano ya wakati huo lazima yapelekwe mahakamani yakakubaliwe. Wengi hawalijui hilo, na huishia kumlaumu hakimu kwa kosa lao wenyewe.

Twende India kidogo

India ina Sheria ya Hati za Fedha ya mwaka 1881. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hundi iliyorudi ilikuwa kwao deni tu kwa mujibu wa sheria hiyo. Marekebisho ya mwaka 1988 yaliongeza kifungu cha 138, kikaifanya hundi inayorudi kwa kukosa fedha kuwa kosa la jinai. Leo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili, au faini inayofikia mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, au vyote viwili. Nia ilikuwa kuwafanya watu waiheshimu hundi. Matokeo yake yalikuwa mafuriko: mwisho wa mwaka 2019, kesi za kifungu hicho zilizokuwa zikisubiri zilizidi 3,500,000. Mahakama zilifurika, na wadai wakazeeka wakisubiri.

Wahindi wakajifunza mambo matatu ambayo nadhani yanatufaa.

La kwanza ni notisi. Hundi ikirudi, mdai ana siku 30 tangu kupata habari kwa benki za kumwandikia mwandikaji akidai fedha zake. Mwandikaji naye ana siku 15 tangu kupokea notisi za kulipa. Akilipa ndani ya siku hizo, hakuna kosa. Uone hekima yake: sheria inampa mtu aliyekwama mlango wa kutokea kabla ya kumwita mhalifu, na mlango huo una tarehe.

La pili ni ruhusa ya kumaliza kosa kwa mapatano. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, kosa la hundi linaweza kumalizwa na wahusika wenyewe. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilitoa mwongozo uliowekea bei uchelewaji: mshtakiwa anayepatana mapema, katika vikao vya mwanzo, halipi gharama yoyote ya ziada, anayengoja hulipa asilimia 10 ya kiasi cha hundi akiwa bado kwa hakimu, asilimia 15 akifika mahakama za juu, na asilimia 20 akifika mahakama ya mwisho. Fedha hizo huenda kwenye mfuko wa msaada wa kisheria. Viwango vimerekebishwa tangu hapo, lakini wazo ni lile lile: anayepatana leo alipe kidogo kuliko anayengoja kesho.

La tatu ni baraza liitwalo Lok Adalat, yaani baraza la watu, lililopewa nguvu na sheria ya mwaka 1987. Wadai na wadaiwa huketi na wapatanishi, wakakubaliana, na makubaliano yao yakaandikwa. Yakishaandikwa huhesabiwa kuwa hukumu ya mahakama ya madai, hata kama kesi ilianza kama jinai. Mdaiwa akikiuka, mdai haanzi upya; anakwenda moja kwa moja kukazia hukumu.

Simwambii mtu kwamba India imemaliza tatizo. Nchi iliyofikisha mamilioni ya kesi za hundi haiwezi kuwa kioo kisicho na ufa. Ninachosema ni kwamba walijifunza kwa gharama kubwa, na hatuna haja ya kulipa gharama hiyo hiyo mara ya pili.

Kosa la mama, na kosa langu

Sasa nirudi Nakivale, maana makala haya yangekuwa nadharia tupu kama nisingekusimulia yaliyofuata.

Niliposoma kile kikaratasi cha benki nilimwambia mama, "Nenda ukapatane naye." Ndivyo nilivyomwambia, na nikaona nimemshauri kwa busara. Wagombanao ndio wapatanao, nikamkumbusha. Akapanda taksi asubuhi, akafika dukani kwa mnunuzi, naye akampokea kwa heshima zote. Alimwita Mama, akampa kiti, akamwagizia chai. Kisha akamhesabia shilingi 1,000,000 taslimu, akaapa kwamba zilizobaki angezilipa baada ya juma mbili, na akamwomba jambo moja dogo: amrudishie ile hundi, ili isije ikamharibia jina benki. Mama akaona haya kukataa. Mtu amekupa kiti, amekupa chai, amekupa milioni moja. Utamnyima karatasi isiyo na fedha?

Akamrudishia. Juma mbili zikapita. Simu ikawa inaita bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti kabisa. Binti akakosa muhula mzima wa shule. Wakulima wawili wakamtangaza mama sokoni kuwa mwizi, yeye aliyeibiwa.

Kosa la mama lilikuwa kuitoa hundi kabla ya shilingi ya mwisho. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi: nilimpa neno patana bila kumpa neno andika. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naufundisha msemo huo kila mwaka.

Kilichotuokoa ni binti. Siku ile bahasha ilipofika nyumbani, alikuwa ameipiga picha hundi pamoja na kikaratasi cha benki kwa simu ya mama yake. Hakuwa na sababu. Watoto wa leo hupiga picha kila kitu. Kwa picha hiyo, na kwa jumbe za simu ambamo mnunuzi aliomba kusubiriwa, tuliandika barua ya madai yenye tarehe, tukaeleza kiasi, tukampa siku kumi na nne, na tukasema kwamba baadaye tungefungua dai dogo. Safari hii alijibu kabla ya siku hizo kwisha.

Karatasi ya Kiingereza

Kikao cha pili kilifanyika Mbarara. Walikuwapo mama, mnunuzi, mzee mmoja wa jamii ya Wakongomani, mwenyekiti wa mtaa wa mnunuzi, na mimi niliyeombwa kufasiri. Panapo wengi hapaharibiki neno. Mnunuzi alikuja na mapatano yaliyokwisha kuchapwa kwa Kiingereza, kurasa moja na nusu, akamsukumia mama kalamu.

Mama anasoma Kiswahili, na Kifaransa kidogo. Kiingereza hakijui. Nilisoma karatasi ile kimya, na katika aya ya nne nikakuta sentensi iliyosema kwamba kwa kutia sahihi mama anakiri kuwa hana dai lolote zaidi dhidi ya mnunuzi. Haikusema atakapolipwa yote. Ilisema kwa kutia sahihi. Sijui kama ilikuwa hila au uzembe wa mchapaji aliyenakili karatasi ya watu wengine, na sitamhukumu mtu kwa nisilolijua. Ninachojua ni kwamba kama angetia sahihi, shilingi 3,800,000 zingekuwa katika hatari ya kuzama katika sentensi moja.

Hapa, mwanafunzi wangu, ndipo somo la lugha linapokuwa somo la uraia. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na sheria hiyo inamtafsiri asiyejua kusoma kuwa ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati iliyo mbele yake. Fikiri juu ya jambo hilo. Profesa wa Kifaransa kutoka Bukavu, mbele ya mkataba wa Kiingereza, anaweza kuhesabiwa na sheria kuwa asiyejua kusoma, kwa hati hiyo. Nami ningehesabiwa hivyo mbele ya hati ya Kiamhari. Hakuna aibu ndani yake, ni ngao. Sheria inamtaka anayemwandikia mtu kama huyo aandike jina lake kamili na anwani yake, na athibitishe kwamba ameandika alichoagizwa.

Basi tuliomba karatasi iandikwe upya kwa lugha mbili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, ingawa mahakama za Uganda bado zinaendeshwa kwa Kiingereza, tofauti na Tanzania ambako mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Mnunuzi alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Kiasi kilichobaki kiligawanywa katika awamu nne za shilingi 950,000, kila moja na tarehe yake, zote kwa njia ya simu ili kila malipo yaache alama. Sentensi ya aya ya nne ikabadilika: dai litakwisha siku ya malipo ya mwisho, na awamu moja ikikosekana, deni lote lililobaki litadaiwa mara moja. Wote wakatia sahihi, na mashahidi wakafuata.

Usifanye tena kosa langu

Kutokana na hayo, yafuatayo nayaona kuwa ya lazima kwa yeyote atakayepatana juu ya hundi iliyorudi, awe Nakivale au mjini.

Itunze hundi ya asili pamoja na kikaratasi cha benki mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Piga picha vyote viwili siku ile ile. Dai kwa maandishi yenye tarehe, na ubaki na nakala. Andika mapatano, kwa kuwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe katika maandishi. Yaandikwe kwa lugha unayoielewa, au yasomwe na kufasiriwa na mtu uliyemchagua wewe, si aliyechaguliwa na mdaiwa. Yataje kitakachotokea awamu ikikosekana. Na kama kesi ya jinai imekwisha kufunguliwa, yapelekwe kwa hakimu.

Kamati za ustawi wa wakimbizi zilizopo Nakivale zinaweza kupatanisha, na mara nyingi hufanya hivyo vizuri, lakini zenyewe si mahakama. Karatasi yao ni ushahidi wa makubaliano, si hukumu. Ukikwama, Mbarara kuna ofisi za msaada wa kisheria, mojawapo ikiwa ya Mradi wa Sheria za Wakimbizi ulio chini ya Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Makerere. Kuuliza si ujinga.

Wanaonipinga

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alisoma rasimu ya makala haya akanikemea. Alisema kwamba suluhu ni dini ya wenye nguvu: mwenye duka anaweza kungoja, mwenye njaa hawezi, na kwa hiyo kila mapatano huegemea upande wa duka. Akaongeza kwamba tapeli akijua ataketishwa na wazee tu, ataandika hundi nyingine kesho.

Nakubali sehemu ya kwanza. Ndiyo maana nasema mapatano yafanyike huku mlango wa mahakama ukiwa wazi nyuma ya mdai, na mdaiwa akiuona. Kilichomfanya mnunuzi ajibu mara ya pili haikuwa huruma, ilikuwa barua yenye siku kumi na nne. Suluhu isiyo na sheria nyuma yake ni ombaomba. Na kwa tapeli wa kweli, anayeandika hundi kwa akaunti isiyokuwapo, simwombei kikao. Huyo apelekwe polisi asubuhi.

Lakini siwezi kukubali wazo la kumtisha kila mdaiwa kwa pingu. Polisi wakigeuzwa wakusanyaji wa madeni, atakayefaidi ni yule anayewajua polisi, na mkimbizi wa Nakivale mara nyingi siye. Chombo kile kile anachotaka kukitumia leo dhidi ya mnunuzi kitatumiwa kesho dhidi yake na wakulima anaowadai wamngojee.

Ningependa Bunge la Uganda liige notisi ya India: siku kadhaa zilizowekwa na sheria, ambazo aliyekwama anaweza kulipa akatoka bila doa. Ningependa pia anayepatana mapema apunguziwe gharama waziwazi. Hayo si mambo makubwa. Ni milango miwili tu, yenye tarehe.

Hadi ninapoandika, awamu tatu zimelipwa. Ya nne haijafika siku yake. Binti amerudi shule, na wakulima tisa wamelipwa kamili. Mama bado huketi nyuma darasani, na hundi ya asili hana. Ana picha, na ana karatasi ya lugha mbili aliyoifunga katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake cha ukimbizi. Dawa ya deni ni kulipa, nasi tunaingoja siku ya nne.

Kwa juma lijalo, niandikie aya moja kwa kila swali:

1. Eleza tofauti kati ya mpatanishi na mwamuzi kwa kutumia mfano wa kijijini kwenu.
2. Kwa nini mama hakupaswa kuirudisha hundi? Ungemjibu nini mnunuzi bila kumvunjia heshima?
3. Andika barua fupi ya kudai deni, yenye tarehe, kiasi, sababu na muda wa kulipa. Usitukane.